Matairi Manne ya Sista Kemunto

Nyinyi vijana mnaofunga matairi siku hizi, mnaoagiza kwa simu na kuletewa mpaka mlangoni, nina swali moja. Tairi likifika, mnalinusa?

Mnacheka. Mjukuu wangu naye alicheka juzi nilipomwuliza hivyo, yeye ameinama kwenye gurudumu na mimi nimekaa kwenye kiti kando, kazi yangu ikiwa kumtazama tu. Lakini mimi nilinusa matairi kwa zaidi ya miaka thelathini mjini Kisii, na pua hii imewaokoa watu ambao mpaka leo hawajui kwamba waliokolewa. Kazi yetu ilikuwa kazi ya kushuku. Fundi wa nguo akikosea, suruali inabana. Fundi wa tairi akikosea, mtu anaingia bondeni na gari lake. Kwa hiyo tulishuku kila kitu. Tulimshuku muuzaji, tukamshuku dereva, tukaishuku hata karatasi iliyofungia mzigo. Ninalotaka kuwaeleza leo ni siku niliyoshuku vibaya, na mtu aliyeumia kwa sababu hiyo.

Nilifanya kazi katika duka la Bwana Yusufu, mfanyabiashara Mwislamu wa pale mjini. Mbele aliuza vipuri, nyuma kulikuwa na uwanja wa saruji ambapo sisi tulibandua na kufunga matairi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu mfupi mwenye mikono mipana kama koleo, ambaye alikuwa ameshika matairi tangu enzi za malori ya jeshi. Yeye alizaliwa mjini na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mimi nilitoka kijijini upande wa Nyamira, nikiwa na Kiswahili cha shule, na nikisema haraka herufi l na r zilibadilishana viti mdomoni mwangu. Mzee alikuwa akiniambia, "Samweli, sema tena pole pole, tairi limekusikia vibaya."

Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa. Mpira mpya una harufu kali inayopanda puani moja kwa moja. Tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeusi lina harufu ya mafuta ya taa. Na ritredi, yaani tairi lililochakaa likavikwa mpira mwingine juu, lina harufu ya gundi pale begani, mahali ambapo uso wa tairi unakutana na ubavu. Baada ya pua, kucha. Unakandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira. Ukiwa hai, alama inajifunga yenyewe, ukiwa umezeeka, alama inabaki ikikutazama. Baada ya ukucha, kitambaa cheupe chenye petroli kidogo. Ukisugua na kitambaa kikatoka cheusi tititi, mtu amepaka rangi, na mtu hapaki rangi kitu kipya. Mwisho unaingiza mkono ndani na kupapasa polepole, macho umefumba, ukitafuta kiraka au uvimbe. Nyinyi mnasoma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, mambo yamekwisha. Sisi hatukuwa na tarakimu hizo. Tulikuwa na kucha.

Msidhani nilishika yote hayo haraka. Wakati huo matairi ya rediali ndiyo yalikuwa yakianza kuingia kwetu, na mengi barabarani yalikuwa bado ya mtindo wa zamani, yale ambayo nyuzi zake za ndani zimepishana mshazari. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta gari lake akiwa na rediali mbili mpya tu. Nikamfungia zote mbili mbele, nyuma nikaacha zile za zamani. Nilifikiri, usukani uko mbele, basi tairi zuri liende mbele. Najua wengi wenu bado mnafikiri hivyo. Mwalimu akaondoka akiwa na furaha, mkewe pembeni na trei mbili za mayai nyuma. Kwenye kona ya tatu kuelekea Nyamira, barabara ikiwa na unyevu, mbele ya gari ilishika na nyuma haikushika. Gari likageuka likaingia shamba la ndizi kinyumenyume. Hakuna aliyeumia. Lakini mwalimu alirudi mjini kwa miguu akiwa na ute wa yai kwenye kola, akiuliza fundi ni nani.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Ramadhani alisimama mbele yangu akamwambia Bwana Yusufu, "Mimi ndiye niliyemwambia afunge hivyo." Haikuwa kweli. Bwana Yusufu alimfokea mbele ya wateja, na Mzee akanyamaza. Walipoondoka, alinichorea gari kwenye vumbi kwa kidole na kunieleza. Usichanganye kamwe, na kama huna budi, bora nyuma ishike kuliko mbele, la sivyo mkia wa gari utataka kuwa kichwa. Hakunigombeza hata kidogo. Hilo liwekeni akilini, kwa sababu mtaona nilivyomlipa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndipo alipokuja Sista Kemunto. Alikuwa muuguzi, alisomea kazi hiyo Uingereza, na alikuwa amerudi kufanya kazi katika hospitali moja upande wa Nyamira, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii. Alirudi na gari jekundu la viti viwili, fupi, limelala chini, na rimu zake zilikuwa za spoku kama za baiskeli. Likipita mjini, wanunuzi wa ndizi waliacha kubishana bei. Wengine walisema amenunuliwa gari na mkubwa fulani wa serikali. Wengine walisema gari ni la mzungu aliyemwachia. Nami nilikuwa na yangu. Kila mtu alikuwa na hadithi kuhusu lile gari, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenyewe.

Siku ya kwanza aliposimama uwanjani kwetu, hakutusalimu kwa Kiswahili. Alinitazama usoni akasema, "Bwakire," nikamjibu kwa Ekegusii, lugha yetu, na hapo ndipo alipolegea kidogo. Kisha akageukia Kiswahili kwa sababu ya Mzee.

"Matairi yangu yameisha," alisema. "Nataka manne kama haya haya. Ya kiangazi, yenye herufi H."

"Ya kiangazi?" Mzee akauliza.

"Kule ng'ambo kuna matairi ya theluji na matairi ya kiangazi. Haya mpira wake ni laini, yanashika lami sana, na yanavumilia mwendo mkali bila kupata moto. Nisiuziwe mengine. Nikigeuza kichwa nikakuta mmenifungia ya pikapu, nitajua."

Mzee alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujipanga kama kawaida yake. "Sista, hapa kwetu mvua inanyesha karibu kila siku alasiri. Hiyo tuiite kiangazi ama theluji?"

Akacheka. Lakini alipoacha kucheka alirudia: "H."

Basi Mzee akafanya kitu ambacho nawaomba mkifanye mpaka mfe. Kabla ya kugusa tairi, alimwuliza mtu. Unaendesha wapi kila siku? Unabeba nini? Mvua ikikukuta unafanya nini? Jumapili unakwenda wapi? Sista akajibu kwamba kila siku yuko kwenye murram, barabara ya udongo, kati ya nyumbani na hospitali, Jumapili anakwenda kwa mama yake karibu na Itumbe, na mara chache anashuka Nairobi kwa lami, na hapo, alisema bila aibu, anakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mzee akamweleza polepole. Matairi mazito ya meno makubwa yangeshinda matope, lakini yangesugua mabati ya gari lile na kulitikisa kama kinu. Yenye herufi H yangemfaa Nairobi, mradi yawe na mifereji mirefu ya kutoa maji, kwa sababu tairi lenye uso wa karibu laini likikuta udongo wetu mwekundu uliolowa ni kama kuendesha juu ya sabuni. Na kulikuwa na rediali za herufi S, za mwendo wa chini kidogo. "Gari lako lina mbio za H," alisema, "lakini barabara zetu hazina."

"Nimesikia, Mzee. Nataka H."

"Sawa. Lakini manne ya aina moja, na yote yatatiwa tyubu, kwa sababu rimu za spoku zinavujisha. Moja likikosekana, sifungi hata moja."

Bwana Yusufu akaagiza kwa wakala mmoja wa Nairobi. Tulingoja majuma kadhaa. Mzigo ulifika Alhamisi kwa lori, matairi manne, kila moja limezungushiwa karatasi ya kaki na kufungwa kwa kamba ya mkonge. Mimi ndiye niliyepokea na kutia sahihi. Kulikuwa na lori la chai lenye pancha mbili likinisubiri, dereva anapiga honi, kwa hiyo sikufungua karatasi. Niliyaviringisha mpaka stoo nikayaacha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mzigo haupokelewi ukiwa umefungwa.

Ijumaa nilitumwa Itumbe kuziba tairi la lori lililokwama karibu na kiwanda cha chai, nikashinda huko. Jumamosi mimi ni Msabato, sifanyi kazi. Jumapili nilikwenda Nyamache kumwona dada yangu aliyeolewa huko.

Nilikuwa nakatiza nyuma ya soko nilipomwona Mzee Ramadhani akitoka katika boma moja, amebeba gunia begani. Umbo la tairi halijifichi ndani ya gunia.

"Mzee! Shikamoo."

Alishtuka. "Marahaba. Samweli? Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kwa dada yangu. Na wewe?"

"Nina shughuli." Macho yake yaligusa uso wangu yakaondoka upesi, yakaenda kwenye viatu vyangu, yakaenda barabarani. "Haya, basi litaniacha. Tutaonana kesho."

Mtu niliyemjua miaka yote hiyo hakuwahi kunitazama hivyo. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Dada yangu aliniwekea chakula, nikala bila kukisikia.

Jumatatu nilifika mapema. Bwana Yusufu alikuwa amefungua stoo kwa ufunguo wake. Niliingia moja kwa moja mpaka pale nilipoyaacha matairi ya Sista. Yalikuwa matatu. Karatasi zake zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa tena kwa mafundo ambayo si ya kiwandani. Nilirarua. Mawili yalikuwa safi, harufu kali, ukucha ulizama na alama ikajifunga. La tatu nililinusa begani nikasikia gundi. Nikachukua kitambaa na petroli. Kilitoka cheusi. Ubavuni, herufi H ilikuwa imechongwa kwa mkono, imepinda kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sikuhitaji hata robo saa. Moja halipo, moja limebadilishwa, na jana nimemwona Mzee, mwenye ufunguo wa pili, akiwa na tairi kwenye gunia. Nilitoka nikamwambia Bwana Yusufu kila nilichoona, kwa mpangilio huo huo, nikijisikia kama mpelelezi.

Nilikuwa bado nasema wakati Mzee alipoingia na gunia begani.

"Weka chini," Bwana Yusufu akasema. "Toa tulione."

Mzee akalitoa. Sikulinusa hata. Rangi iling'aa mno, na H yake ilikuwa imepinda vile vile. Kwangu mimi hesabu ilikuwa imekamilika: ameuza mawili mazuri, la kwanza bovu amelirudisha Ijumaa, na hili ndilo la pili.

"Ulilipeleka wapi tairi la duka?"

"Nyamache. Nilikwenda kumwuliza mtu."

"Kumwuliza nini? Unatoa mali stoo bila kuniambia, siku ya Jumapili, kwenye gunia, halafu unarudi na takataka hii?"

"Yusufu, nisikilize."

"Samweli amekuona!"

Mzee akanigeukia. "Ni wewe uliyesema?"

"Nimesema nilichoona, Mzee."

Aliingiza mkono ndani ya koti kama anayetaka kutoa kitu, kisha akautoa mtupu. Akafungua kishada cha funguo kiunoni, akakiweka juu ya kaunta bila kelele. "Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne," alimwambia Bwana Yusufu. "Kama baada ya miaka hiyo unanitazama hivyo kabla sijamaliza sentensi moja, sina haja ya kuimaliza." Akatoka. Wateja wawili waliokuwa mlangoni walimpisha.

Bwana Yusufu alivuta pumzi, akatazama saa. "Sista anakuja saa nne. Yafunge yote manne. Mabovu yaweke nyuma."

"Bwana Yusufu, hayo ni ritredi."

"Malori yote ya hapa yanatembea na ritredi. Mwanamke huyu atajuaje?"

Vijana, ritredi si dhambi. Lori linalopanda polepole na magunia ya chai linaweza kuivaa hata mwaka. Lakini zile zilivikwa kienyeji, na kwenye gari linalokimbia vile, tairi linapata moto, gundi inalegea, na mpira unabanduka kama ganda la ndizi, wote kwa mara moja. Nilimwona Sista akilini, kwenye lami ya Nairobi, amekanyaga mpaka mwisho. Nikamwona mwalimu na mayai yake, ila safari hii hakuna shamba laini la kumpokea. Nilisema, "Siwezi." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema. Bwana Yusufu akaniambia basi nitakwenda nyumbani kama mwenzangu.

Sista alifika kabla hatujamaliza kubishana. Nilimfuata kwenye gari.

"Usikubali kufungiwa haya matairi," nilimwambia. "Mawili si mapya. Mzee Ramadhani ameyabadilisha. Ameacha kazi asubuhi hii."

Alizima injini. "Nani amesema ameyabadilisha?"

"Mimi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona Nyamache jana na tairi kwenye gunia."

Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, kisha akaniuliza kwa Ekegusii ili Bwana Yusufu asisikie, "Na mimi nitajuaje kwamba si wewe uliyeyabadilisha, ukamsingizia yeye?"

Nilikuwa na midomo, nilikuwa na ukweli, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

"Ijumaa nilipita hapa," aliendelea. "Wewe hukuwepo. Mzee wako alikuwa amefungua karatasi. Aliniambia mawili hayampendezi, nisikubali kufungiwa mpaka arudi kutoka Nyamache. Kuna rafiki yake huko aliyekuwa akifanya kazi ya kuvika matairi. Alisema atampelekea moja, kwa sababu hawezi kumshtaki mtu kwa pua peke yake."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Hilo kamwulize yeye. Ingia."

Ndiyo siku pekee niliyopanda gari lile. Halikuwa na nafasi ya magoti yangu. Tulikwenda polepole juu ya matairi yake yaliyokwisha, mpaka nyumbani kwa Mzee Ramadhani, nyumba ya mabati karibu na msikiti. Mkewe, Bi Zuhura, alitufungulia, akamkaribisha Sista kwa mikono miwili, na mimi akanipa kiti bila kunitazama.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka. Sista alimweleza kwamba nilikataa kuyafunga, na kwamba bado nasema yeye ndiye mwizi. Aliyasema yote mawili kwa sauti moja.

Mzee aliinuka, akaenda kwenye koti lililotundikwa mlangoni, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa. Akaitandaza sakafuni, upande wa ndani ukiwa juu. Nikainama. Karatasi ilikuwa na alama nyeusi za mifereji ya tairi, zimejipiga wazi kama mhuri, na mahali pengine karatasi ilikuwa imenata mpaka ikachanika.

"Rangi ilikuwa mbichi walipofunga," Mzee alisema. "Ikakaukia ndani ya karatasi. Sasa geuza."

Niligeuza. Upande wa nje kulikuwa na mhuri wa yule wakala wa Nairobi, na mikunjo ya kufungia ilikuwa ya mara moja tu, bila dalili ya kufunguliwa kabla ya Mzee kuifungua. Matairi yalipakwa rangi na kufungwa huko huko yalikotoka. Yalipofika mikononi mwangu Alhamisi, uovu ulikuwa umekwisha kutendeka.

"Mimi niliiona karatasi Ijumaa," alisema, "lakini sikuwa na hakika ya kuisoma. Rafiki yangu wa Nyamache alisema rangi kama hii, mpaka iishike karatasi hivi, inataka majuma. Siku moja haitoshi. Nilikuwa naleta karatasi hii kwa Yusufu leo asubuhi."

"Mzee, kwa nini hukuniambia Ijumaa ile ile, ama Jumapili tulipokutana?"

Bi Zuhura alikuwa ameacha kupanga vikombe.

"Kwa sababu wewe ndiye uliyepokea mzigo, Samweli. Sahihi ni yako. Nilikushuku. Siku mbili nzima nilikushuku, na chakula hakikupita. Jumapili nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwa yule rafiki yangu, nimejua kwamba huna hatia, nikakukuta umesimama mbele yangu unaniamkia. Niliona haya. Sikujua nikutazame vipi."

Kumbe macho yale yaliyokimbia uso wangu yalikuwa ya aibu kwa kunishuku. Yeye alinishuku siku mbili, akafunga mdomo, akapanda basi kwenda kuuliza. Mimi nilimshuku robo saa, nikaenda moja kwa moja kwa mwajiri. Nilitaka kumwambia hayo, lakini nilichoweza kusema ni "Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe," alisema. "Kunywa chai."

Chai ile ilikuwa na tangawizi nyingi. Niliimaliza kwa shida.

Mchana huo nilimpelekea Bwana Yusufu ile karatasi, Sista akiwa nyuma yangu. Aliitazama upande mmoja, akaitazama upande wa pili, akakaa kwenye kiti. Matairi yote manne yalirudishwa Nairobi, na yule wakala hatukuagiza kwake tena. Bwana Yusufu hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye hofu ya hasara. Alikwenda nyumbani kwa Mzee mara tatu kumwomba arudi. Kila mara alipokelewa vizuri na kupewa chai. Mara ya tatu nilikuwepo, nikamsikia Mzee akimwambia, "Yusufu, sina kinyongo. Lakini nikirudi, siku kitu kitakapopotea utanitazama. Hutapenda, lakini utanitazama."

Matairi ya Sista, mwishowe, Mzee ndiye aliyeyachagua. Alikwenda mwenyewe Kisumu, akafunguliwa karatasi pale pale dukani, akanusa mbele ya muuzaji aliyekasirika. Yalikuwa rediali za herufi S, manne ya aina moja, mifereji mirefu. Tuliyafunga nje ya nyumba ya Mzee, mimi nikishika vyuma vya kubandulia, yeye akizungusha utepe wa mpira kwenye rimu ili ncha za spoku zisitoboe tyubu. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Sista alizungusha gari mpaka barabara ya Nyamira na kurudi, likiwa na matope mpaka kwenye kioo, akatangaza kwamba yanapiga mluzi kwenye kona na hayana heshima ya H. Aliyatumia mpaka yakaisha, na alipotaka mengine aliagiza ya aina ile ile.

Kuhusu mimi, Jumatatu iliyofuata nilifanywa fundi mkuu. Hakukuwa na mwingine. Bwana Yusufu alinipa kishada kile kile cha funguo, nami nikakipokea kwa sababu nilikuwa na mke na mtoto. Watu mjini walinipongeza. Baadhi yao waliamini mpaka kufa kwao kwamba nilimchongea Mzee ili nichukue nafasi yake, na hawakuniuliza, na kama wangeniuliza nisingekuwa na karatasi ya kuwatandazia.

Mzee Ramadhani alifungua kibanda chake cha kuziba pancha upande wa pili wa mji. Wateja wake walikuwa wengi kuliko wetu. Kwa mwaka mzima nilipita mbali na kibanda kile. Kisha siku moja dereva mmoja mgeni alituletea tairi la kuuza, zuri mno kwa mtu aliyevaa viatu vilivyochakaa vile, na pua yangu haikuniambia kitu. Nilimwacha akingoja kwetu, nikaliviringisha tairi lile mpaka kwa Mzee.

"Mzee, hebu litazame hili. Nadhani aliyelileta ni mwizi."

Alikuwa anapiga kiraka. Hakuinua kichwa. "Amekuambia amelipata wapi?"

"Sijamwuliza."

Ndipo akainua kichwa. Hakulitazama tairi. Alinitazama mimi, bila hasira, akaweka nyundo chini akangoja, kama mtu aliye na siku nzima.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati ya kibanda. Niligeuza tairi, nikaanza kuliviringisha kurudi nilikotoka, kwenda kumwuliza yule dereva.